Mashini, Muambie Shofere Wako

Kwetu huku, upande wa Ngungu, mama haongei na mume wa binti yake uso kwa uso. Hamushikani mukono. Hamukuli sahani moja. Mukikutana njiani, mumoja anatoka pembeni, mwingine anapita. Hiyo haiko chuki, njo heshima yenyewe. Vijana waliokaa Goma wanatucheka, lakini mimi nilimuona mama yangu mwenyewe, na mimba yake kubwa, akichutama ndani ya maharagi kwa sababu mukwe wake alikuwa anapanda kilima. Kwa hiyo miaka sita nilimujua mukwe wangu kwa viatu vyake tu.

Alikuwa shofere wa mashini ya kuchimba, ile yenye mukono murefu wa chuma, kijiko kikubwa kwenye ncha, na miguu ya minyororo. Binti yangu aliponiletea habari ya huyo mwanaume, niliuliza neno moja: "Iko na shamba?" Akasema hana. Mwanaume asiye na shamba, mimi nilimuhesabu muntu wa kupita.

Kisha wakaanza kutengeneza barabara inayotoka Sake, na mashini yake njo ilitumwa kwetu kuchimba mitaro ya maji. Shamba langu liko juu ya bonde, barabara inapita chini yake. Nilikuwa napalilia, na kutoka pale niliona kazi yake yote. Sikuona haya kuangalia, maana muntu akiwa ndani ya kabini uso hauonekani. Mukono ule muzito ulipita karibu na ua wa matete wa jirani, haukuvunja hata tete moja. Aliposawazisha ukingo wa mutaro, alitumia mugongo wa kijiko, polepole, vile mimi napangusa bugali na mwiko uliolowa. Nikaanza kuacha jembe ili niangalie. Sikumuambia muntu.

Siku moja muchana, shefu wa shantie, mukubwa wa kazi ya barabara, mwenye gile, kizibao cha rangi ya machungwa, akamuamuru ashuke chini kabisa ya bonde, afungue njia ya maji. Niliona mashini inageuka kuelekea pahali penye majani mabichi. Ile pahali naijua. Juu iko nyasi nzuri, chini hakuna kitu. Ng'ombe wa jirani alizama pale mpaka shingo, tukamutoa na kamba, wanaume wanane. Nikasimama, nikafungua mudomo. Kisha nikaufunga. Nitamuitaje? Nimupigie mukwe kelele kama napigia mbuzi? Nikamutuma jirani yangu akimbie. Kabla hajafika barabarani, mashini ilikuwa imezama upande mumoja, mukono umeelekea juu.

Nilingoja kuisikia ikilia. Nimekwisha kuona mashofere wa malori wakikwama: wanakanyaga mafuta, magurudumu yanazunguka, matope yanaruka, na gari inajizika yenyewe. Huyu alizima mashini. Akashuka, akavua viatu, akaanza kuzunguka pole ndani ya matope, akisikiliza na miguu. Njo siku nilipoona miguu yake. Ilikuwa mipana, miguu ya mulimaji.

Shefu akamukuta pale. Sisi tulikuwa tumekusanyika barabarani, maneno tuliyasikia yote.

"Papa, hii mashini haiko ya baba yako. Kesho jioni isipotoka, naita shofere mwingine Goma. Wewe utarudia nyumbani."

"Itatoka, shefu. Nitafutieni miti. Mirefu, minene. Inataka kitu cha kukanyaga."

Binti yangu akapanda kwangu mbio, mutoto mugongoni. Hakulia. Lakini alisahau kunisalimia, na mimi nikajua uzito wa ile habari.

"Mama, anaomba miti. Alikaa miaka minne anaosha mashini za wengine kabla wamupe moja. Wakimutoa kwa hii, hawatamupa ingine tena."

Nyuma ya nyumba yangu iko mikalitusi. Marehemu mume wangu aliipanda kwa ajili ya paa langu la uzee. Nikasema wakate kumi na mbili. Asubuhi wanaume wakaikata, wamama wakaja na mapanga kunisaidia, na pale njo nilifanya kosa langu.

"Muondoe maganda yote," niliwaambia.

"Koko, bibi yetu, maganda ya nini? Si inaenda kwa matope?"

"Inaenda kwa mukwe."

Kwetu muti wa kumupa mukwe unamenywa mpaka ung'ae. Ukimupelekea na maganda, ni kama umemuletea chakula kwa sahani ya jana. Tukamenya vizuri, hakuna aliyeacha hata alama. Miti ikawa mieupe kama meno. Wanaume walipoibeba kuteremuka nayo, mimi nilifuata kwa mbali na shingo imenyooka. Nilifikiri: leo ataona amefika kwa watu gani.

Sasa nawaambia jambo ambalo kila muntu wa kilima chetu anajua, na siku ile hakuna aliyelikumbuka: mukalitusi mubichi uliomenywa, ukishikwa na maji, ni sabuni. Mukwe aliipanga chini ya minyororo, akawasha, mashini ikapanda. Ikafika katikati. Miti ikateleza yote mara moja, mumoja ukaruka mpaka barabarani, na mashini ikarudi nyuma ikalala chini kuliko jana.

"Nani alimenya hii miti?" shefu akapiga kelele. "Munajenga kanisa?"

"Imetoka kwa mamamukwe wake!" muntu mumoja akajibu toka juu ya ukingo.

"Aaa! Basi bokilo hamutaki mukwe wake! Iko anamutelezesha arudi kwao!"

"Anatafuta mwenye shamba!"

Wakacheka mpaka wengine wakashika magoti. Mimi nilikuwa nyuma yao, kitenge kichwani. Mukwe akatoa kichwa kwenye kabini. Alisema kwa nguvu, kila muntu asikie:

"Miti iko mizuri. Mimi njo nimeipanga vibaya."

Alikuwa anajua ni uongo. Mikono yake ilikuwa imepita juu ya ile miti mumoja mumoja. Na shefu alikuwa anasikia, yule mwenye kumufukuza jioni.

Nikateremuka. Watu wakanipisha. Matope yakafika kwenye goti, nikaendelea mpaka nikafika nyuma ya mashini, pale chuma kinatoa joto. Nikajifunika kitenge mpaka macho, nikamupa shofere mugongo, na nikaongea na chuma.

"Wewe mashini."

Kicheko kikakatika.

"Mashini, muambie shofere wako asibebe kosa la wengine. Mimi njo nilimenya. Na jana nilikuona unaingia hapa. Nilijua pahali hapa, na nilinyamaza. Muambie vile."

Nilisikia maji yakitiririka kutoka kwenye minyororo. Kisha sauti ikatoka juu, ya pole.

"Mashini, muambie Mama nimesikia. Na umuulize, huku chini wapi iko nguvu?"

"Muambie: mbele, upande wa kushoto, pale wamama tunaloweka muhogo. Chini ya maji iko jiwe kubwa kama nyumba. Nalikanyaga tangu niko binti."

"Mashini, muulize, hatua ngapi?"

"Kumi. Za mwanamuke, si zake."

"Hawa wanaongea na nani?" shefu aliuliza.

"Na mashini, shefu," jirani yangu akamujibu. "Nyamaza, isikie vizuri."

Mukono ukanyooka. Ukaingia ndani ya maji ya muhogo, na meno ya kijiko yakaanza kutafuta, huku, kule, vile muntu anatafuta pete ndani ya maji ya kuoshea vyombo. Hakukuwa na haraka hata kidogo. Tukasikia chuma kinagusa jiwe: kwaa. Akarudisha mukono, akaweka kijiko chini karibu na ubavu uliozama, juu ya mafungu ya matete tuliyomutupia, akakandamiza. Na ile mashini nzito ikainuka upande mumoja. Iliinuka kama mimi ninavyotoka kwenye mukeka: mukono chini kwanza, kisha goti, kisha tuone.

"Miti!" akapiga kelele. Akaongeza kwa sauti ndogo: "Mashini, waambie na maganda yake."

Hapo nilicheka, ndani ya kitenge. Wanaume walikuwa wamekwisha kukimbia kukata mingine. Tuliitupa chini ya minyororo na maganda, na matawi, na majani. Kisha akanyoosha tena mukono mpaka kwenye jiwe, meno yakashika, akaanza kujivuta. Mukono ukikaza, miguu inatembea. Mukono ukipumua, miguu inasimama. Hakuacha miguu izunguke bure hata mara moja. Matope yaliiachilia polepole, na sauti kama ya bugali uliokaribia kuiva, na jua likiwa bado juu ya kilima, mashini ikasimama juu ya barabara, inachuruzika.

Shefu akaizunguka yote. Akaangalia viatu vyake mwenyewe.

"Bon, sawa," akasema. "Iosheni. Kesho saa moja, kazi."

Ni hayo tu, lakini binti yangu alikaa chini pale pale barabarani, mutoto mugongoni, kama muntu aliyetua muzigo.

Mikalitusi yangu mieupe imebaki ndani ya lile bonde. Wamama tunaikanyaga tukienda kuloweka muhogo. Haitelezi tena, miguu yetu imeisugua. Paa langu lilijengwa kwa miti mingine, na aliyeileta ni mukwe, na aliileta na maganda yake yote. Nilielewa anasema nini: ananitania kwa ile miti iliyoteleza. Mumenyaji nilikuwa mimi.

Hatujashikana mukono mpaka leo, wala hatutashikana. Lakini kila mara kazi inapomupitisha chini ya shamba langu, anasimamisha mashini, anashusha ule mukono murefu mpaka kijiko kinagusa nyasi, kisha anauinua. Mimi nainua jembe.

Mara ya kwanza jirani yangu aliniuliza: "Mama, siku hizi unasalimia chuma?"

Nikamuambia nasalimia mukwe wangu, chuma kinapeleka tu. Nikaendelea na maharagi.