Inzi Wangu wa Kupigana
Kazi yangu ni kutunza inzi wadogo wa matunda katika maabara ya chuo kimoja hapa Kericho. Kila dume hukaa peke yake kwenye chupa ili awe mkali, kisha wawili hukutanishwa juu ya tone la chakula, kamera ikirekodi wanavyopigana.

Juzi asubuhi baridi ilizidi, inzi wakalegea. Nikijiona mwerevu, nilisogeza chupa karibu na jiko tunalochemshia chai. Niliporudi, wote walikuwa wamekufa.

Wageni walikuwa njiani kuja kuona jaribio, nami sijathibitishwa kazini. Nikakimbilia ndizi mbivu za kantini, nikanasa inzi wawili, nikawaingiza kwenye chupa yenye tone la chakula, mbele ya kamera.

Kwenye skrini, inzi hawakupigana. Mkuu wangu, Daktari Chelangat, akanigeukia.

“Kijana, hawa wako wataanza saa ngapi?”

“Wanapimana nguvu kwanza, madam,” nilijibu.

Mgeni mmoja akavaa miwani, akasogelea skrini, akatazama kwa muda mrefu.

“Madam,” akasema polepole, “huyu dume wenu anataga mayai.”