Fungu ya Mulinda Moto

Meza ninayoandikia sasa, hapa Pinga, ilitengenezwa kwa ajili ya muchezo. Muntu akiingia pa butiki yangu anafikiri ni meza ya biashara, kwa sababu ni mbao nzito ya Walikale na hakuna mwingine kwenye barabara hii yote aliye na meza ya namna hii. Ninamwacha afikiri hivyo. Ila pembeni, upande wa mulango, kuna alama nyeusi za birika la chai, na kila nikiweka mukono pale ninarudi Kashuga, siku ya Mungu baada ya misa, mvua inapiga mabati na tuko wanne.

Wakati ule nilikuwa nimeshakuwa muntu. Nilizaliwa Ntoto. Shule iliniacha mapema, ao mimi njo niliiacha, nikabeba mizigo ya watu kwa mugongo, mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, yakivuja na kushuka mpaka kwenye mukanda wa suruali. Leo niko na butiki hapa na nyingine Kashuga, na pikipiki zinazoendeshwa na vijana, na hakuna aliyenipa hata musumari. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Njo vile iko.

Wale wengine watatu ni hawa. Wa kwanza ni dada mumoja, muuguzi pa kituo cha afya. Hakuwa daktari, lakini sisi wote tulimwita Docta, na yeye hakukataa. Wa pili ni kijana wa Walikale, mutoto wa wawindaji na yeye mwenyewe muwindaji, aliyekuwa ananiendeshea pikipiki. Wa tatu ni rafiki yangu wa tangu zamani. Tulibeba mizigo pamoja, tukalala chini ya turubai moja, halafu mimi nikaenda kwenye biashara na yeye akarudi Masisi kulima kilima cha baba yake. Vita vilimutoa pale. Akaja Kashuga na bibi na watoto, akakaa kwenye kambi, ndani ya nyumba ya shitingi, ile plastiki ya wakimbizi, kama wote.

Docta njo alileta muchezo pa butiki yangu ya Kashuga. Aliujua Goma, alipokuwa anasoma. Hauna ubao wala mupira. Muntu mumoja anasimulia: muko mbele ya pango, ndani kuna kitu kinapumua, munafanya nini? Kila muchezaji anakuwa muntu mwingine, wa inchi isiyokuwapo, na anajibu kile ambacho muntu wake anafanya. Jambo likiwa gumu unatupa dadu, na dadu inasema kama umefaulu. Padri alikuja kuuliza kama ni uchawi. Docta akamupa kiti akae aone. Akakaa, akanywa chai, akauliza kama joka limekufa, tukamwambia bado, akaenda akitingisha kichwa.

Hadithi ndefu ya namna ile, yenye kuendelea toka siku ya Mungu mpaka siku nyingine ya Mungu, Docta aliiita kampanye. Muwindaji, aliyelijua neno lile kwa mambo ya uchaguzi tu, alisema:

«Basi tutapewa kofia na tishati? Ao hii ni kampanye ya bila kitu?»

Ile kampanye ya kwanza, nikiikumbuka, ninacheka peke yangu hata wateja wananiangalia. Mimi nilikuwa mupiganaji wa shoka, na ninaweza kusema bila mimi wangekufa wote pale kwenye daraja. Lakini tulipoliua joka, badala ya kuchukua hazina na kuendelea, muwindaji alisimama, akakunja mikono ya shati na kuanza kuligawa. Muguu huu wa chifu. Mugongo wa yule aliyetupa mukuki wa kwanza. Shingo na ini la mulinda moto.

«Mulinda moto nani?» Docta akauliza. «Ninyi wote mulikuwa mu pango.»

«Haizuru, Docta. Kwetu hakuna kwenda mu pori bila muntu wa kubaki pa moto. Wengine wanafukuza nyama, yeye iko nalinda moto, ili wajue pa kurudia. Nyama haiguswe mpaka fungu yake itoke.»

«Lakini hayupo!»

«Fungu yake iko.»

Mvua ilianza na ikaisha, na sisi bado tulikuwa tunabishana juu ya mukia. Docta alishika kichwa chake kwa mikono yote miwili. Mpaka leo sijui kama kuna mahali pengine duniani ambapo joka liligawiwa vizuri vile.

Mwisho wa hadithi, mufalme wa inchi ile alituita tuchague zawadi. Mimi nikachukua jumba la mawe na soko lake. Muwindaji akachukua upinde usiokosa. Rafiki yangu, ambaye muntu wake katika muchezo alikuwa muzee mwenye fimbo ya radi, akauliza kama kuna kilima.

Docta akasema vilima viko vingi.

«Nipe moja yenye chemchemi upande wa kushoto,» akasema. «Juu kabisa niweke mikaratusi ya mbao. Katikati maharagwe. Chini, karibu na muto, majani ya ngombe. Na njia ipite pembeni, isipite katikati ya shamba.»

Alikuwa anaonyesha kwa mukono juu ya meza, hapa, hapa, hapa, kama muntu anayepanga sahani. Hatukumuuliza kilima hiki kinafanana na kipi. Wote tulijua. Docta aliandika tu, akasema: «Ni yako, papa.»

Halafu Docta akapata kampanye mupya. Rafiki yake wa masomo alimutumia kwenye simu: hadithi tatu zinazofuatana, inchi ya barafu, milima inayotoa moshi, muji uliozama chini ya maji. Watu wetu wa zamani tungewaacha na kuanza na wapya, wasiojua kitu, wadhaifu kama vifaranga. Mimi niliingia kwenye jambo hilo na miguu yote. Mimi sifanyi kitu nusu. Njo wakati ule niliagiza hii meza kwa seremala na viti vyenye migongo, nikakataza kabisa kuuza chochote saa za muchezo, hata chumvi. Nilikuwa ninauliza habari za barafu kwa kila muntu aliyewahi kupanda ndege.

Muwindaji alikuwa vuguvugu.

«Nitajaribu,» alisema. «Lakini mu barafu iko nyama gani? Muti iko? Bila muti nitajificha wapi?»

Rafiki yangu alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Halafu akasimama na kuchukua kofia yake.

«Muende vizuri,» akasema. «Mimi sitaenda.»

«Sababu gani?» nikauliza.

«Niko na kazi. Maharagwe iko karibu ya kuvunwa.»

Tukacheka. Kambini hakuwa na shamba hata la upana wa mukeka. Halafu tukaona yeye hacheki, na tukaacha kucheka mumoja mumoja. Alikuwa anasema maharagwe ya kule, ya kwenye muchezo.

Tuliianza kampanye mupya tukiwa watatu. Barafu ilikuwa nzuri, Docta alijua kuisimulia mpaka unaona vidole vinauma. Lakini kiti cha nne kilikuwa kinatuangalia. Nilikuwa nikisema maneno makubwa ya mupiganaji, na hakukuwa na muntu wa kuniambia, «Patron, funga kinywa, adui atatusikia.» Rafiki yangu njo aliyekuwa ananiambia vile. Katika Kashuga yote hakuna mwingine aliyeweza.

Nikamufuata kambini na kipande cha makayabu, samaki wa chumvi, kwa sababu haufiki kwa muntu mikono mitupu. Tukakaa mbele ya mulango. Bibi yake alituletea viazi.

«Kaka,» nikasema, «nimeweka meza ambayo hata Goma hawana. Nimeweka viti. Wewe unakataa sababu ya kilima ya hadithi?»

«Meza ni muzuri, nimesikia. Wanasema iko nzito kuliko mwenyewe.»

«Usinichekeshe. Utapata muntu mupya. Docta anaweza kukupa kilima ingine kule.»

«Ya barafu?»

«Ya barafu, ya nini, yoyote.»

Alivunja kiazi, akanipa nusu kubwa, kama zamani njiani.

«Patron, mimi najua hadithi ni hadithi. Sikupoteza akili. Lakini sikia. Mara ya kwanza, kule kwetu, hakuna mwenye aliniuliza. Nilitoka mbio, chungu iko pa moto. Sasa ninyi munaniuliza: unaacha kilima, ao unabaki? Mara moja mu maisha yangu wananiuliza. Basi jibu njo hii. Ninabaki.»

Mimi ni muntu wa kubishana. Nimebishana na wauza mafuta wa Pinga, na hao ni watu wagumu. Siku ile nilikula kiazi changu na kwenda nyumbani.

Nikamusimulia muwindaji kila neno, tukiwa kwenye pikipiki tunarudi toka Pinga, mimi nyuma nikimupigia kelele sikioni. Tulipofika mahali penye matope akasimamisha, akazima pikipiki na kunigeukia.

«Papa, siku ya Mungu tuliua nini mu barafu?»

«Ile kitu nyeupe yenye pembe.»

«Tuligawa?»

«Hatukugawa. Docta alisema tusonge mbele.»

«Njo pale tulikosa,» akasema. «Yule muzee hajakataa kwenda. Iko pa moto. Na fungu yake hatukutoa.»

Leo muwindaji akisimulia habari hii anasema lilikuwa wazo lake. Sawa. Lakini nani alimusimulia? Na pikipiki ilikuwa ya nani?

Siku ya Mungu iliyofuata tulipita kambini kwanza, mimi na yeye, na nguo za misa. Muwindaji alisimama mbele ya mulango wa shitingi, akavua kofia.

«Papa, tuliua nyama kule mbali. Fungu yako iko. Shingo na ini.»

Rafiki yangu alikuwa ananyoa mutoto wake kichwa. Wembe ulisimama hewani.

«Nyama gani?»

«Jina hatujue. Iko na manyoya nyeupe na pembe moja.»

«Na ini muliniachia muzima? Hata huyu patron hakuonja?»

«Alitaka,» akasema muwindaji. «Nilimukataza.»

Uongo mutupu, lakini nilinyamaza, kwa sababu rafiki yangu alianza kucheka na mabega.

«Basi mulete,» akasema. «Mimi siwezi kuacha kilima nifuate ini. Fungu ya mulinda moto inaletwa pa moto.»

Tukamwendea Docta na neno lile. Alikuwa ameshapanga dadu zake, na karatasi aliyochora njia za barafu iko mezani.

«Ninyi watu!» akasema. «Niko na hadithi tatu, muji chini ya maji unawangojea, na ninyi munataka kurudi nyuma kubeba ini?»

«Docta, haiguswe mpaka ifike,» akasema muwindaji, na sasa sauti yake haikuwa vuguvugu tena. Mimi nikaongeza kwamba mupiganaji wangu ameshaweka ini kwa mabega na ameanza kutembea. Docta alituangalia mumoja mumoja. Halafu akageuza ile karatasi ya barafu, na upande wa nyuma, palipokuwa peupe, akaanza kuchora njia.

Ilituchukua mvua nyingi kufika. Tulipigwa na maporomoko, mamba wa mawe alitukamata kwenye muto, dadu ilinisaliti mara nyingi, na ini hatukulitupa. Ule muji wa chini ya maji hatukuuona mpaka leo. Docta alihamishiwa mbali, hadithi ya tatu ikabaki kwenye simu yake, na mimi nikaleta meza Pinga juu ya fuso. Muwindaji sasa ana pikipiki yake mwenyewe. Akipita Kashuga anamupelekea muzee kipande cha nyama kweli, shingo, imefungwa katika jani.

Lakini siku ya kufika kwenye kilima tulikuwa wanne. Rafiki yangu alikuja kabla ya wote, amevaa koti. Akakaa upande wa mulango, kwenye kiti cha nne, karibu na birika. Docta akasimulia jua, chemchemi upande wa kushoto, mikaratusi juu kabisa. Nikasema tumefika, tumebeba fungu, mwenyewe yuko?

Aliinama juu ya meza, akaweka kidole kwenye karatasi.

«Niko,» akasema. «Lakini mupite huku pembeni, patron. Hapo uko nakanyaga maharagwe yangu.»