Arobaini ya Mzee Kiula

Siku yangu ya kwanza kazini, katika wodi ya wanawake Kiomboi, nilifika na sare iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Matroni, yaani mkuu wa wauguzi, alinikagua kuanzia viatu hadi kofia, kisha akanipeleka kwa mama mmoja aliyekuwa anaruhusiwa kwenda nyumbani. Mama yule alikuwa ameshaelezwa dawa zake, na alikuwa ameshajibu kwamba ameelewa.

"Haya mama," Matroni akamwambia, "nieleze ukifika nyumbani utafanya nini."

Mama akasema vile vidonge vya kutwa mara tatu atavimeza vyote asubuhi, ili visimsumbue shambani.

Matroni akanigeukia. "Umesikia, binti? Huku kwetu mgonjwa hawezi kukwambia hajaelewa, anaona ni kukosa adabu. Usimuulize kama ameelewa. Mwambie akueleze atafanya nini." Nimezunguka na maneno hayo maisha yangu yote ya kazi, na leo nataka mjue yalinifikisha wapi.

Kutoka Kiomboi nilihamishiwa zahanati moja upande wa Kintinku. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa pale, alikuwa mpole kama maji ya mtungini, lakini ukichoma sindano bila kumweleza mgonjwa, utamjua. Alinipa kazi ya kuwatembelea wazazi, yaani akina mama waliojifungua, walipokuwa kwenye arobaini. Mnaijua desturi yenyewe. Mzazi anakaa ndani, anakunywa uji na supu, wageni wanamfuata yeye. Akionekana uani kabla ya wakati, bibi wa jirani atamrudisha ndani kwa maneno makali. Nilipenda jinsi kijiji kizima kilivyomlinda mtu mmoja bila kulipwa na yeyote.

Miaka ilipita, nikapanda vyeo, na mwisho nikaletwa mjini Singida, kwenye kitengo kidogo cha tiba ya mwanga kilichokuwa kimefunguliwa karibuni. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, na wenzangu walidhani nitaomba dawati la kupumzikia. Hawakunijua.

Dawa yetu ilikuwa ya kuchoma kwenye mshipa. Ikiingia mwilini inatulia tu, inasubiri kuamshwa na mwanga. Baada ya siku kadhaa, ikishakusanyika zaidi kwenye uvimbe wa kansa, Daktari Bingwa anapitisha kamera kooni, na humo anapitisha uzi mwembamba unaobeba mwanga mwekundu wa leza. Mwanga ukiigusa dawa, seli za kansa zinakufa.

"Sindano ni nusu ya dawa, Sista," alizoea kuniambia Daktari Bingwa. "Nusu ya pili ni taa. Sasa kumbuka na jua ni taa."

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Dawa ile inabaki kwenye ngozi na macho kwa wiki nyingi. Mgonjwa akitoka nje mchana, hata kwa dakika chache, anaweza kuvimba na kutoka malengelenge kama aliyemwagikiwa uji wa moto. Mafuta ya kuzuia jua hayamsaidii, kwa sababu dawa inaamshwa na mwanga wenyewe unaoonekana. Na Singida yetu mnaijua, jua lake halina aibu.

Mmoja wa wagonjwa wetu wa kwanza alikuwa Mzee Kiula, mkulima wa alizeti kutoka Iramba. Kansa ilikuwa imeziba umio, njia ya chakula, hata uji ulipita kwa kubembelezwa. Daktari Bingwa alimwambia wazi kwamba tiba hii haitamaliza kansa yote, ila inaweza kumfungulia njia ya kula. Mzee alijibu kwamba hakuja kuomba miaka, alikuja kuomba ugali.

Tiba ilikwenda vizuri. Siku ya kuruhusiwa Daktari Bingwa alimweleza akae mbali na jua kali, naye akaitikia kila neno. Nikavuta kiti.

"Shikamoo mzee. Nieleze ukifika nyumbani utafanya nini."

"Marahaba. Nitaepuka jua kali, kama alivyosema daktari. Nitakwenda shambani asubuhi, jua likiwa changa. Na siku za mawingu."

Kwetu jua kali ni la saa sita, lile linalokimbiza kuku uvunguni. La asubuhi ni jua zuri tu, na siku ya wingu tunasema hakuna jua kabisa. Mzee alikuwa ameelewa Kiswahili vizuri mno, na kingemuunguza.

Mkewe, Mama Eliya, akadakia, "Basi tutamfungia chumbani, tuzibe dirisha kwa blanketi."

Daktari Bingwa akatikisa kichwa. "Hapana mama, giza nalo halifai. Mwanga mdogo wa ndani ya nyumba unasaidia ngozi kuimaliza dawa polepole. Akae ndani, lakini asikae gizani, na asikae karibu na dirisha."

Mzee na mkewe wakanitazama mimi. Na mimi, bila kufikiri sana, nikasema, "Mama, mzee wako anaingia arobaini."

Mama Eliya akapiga ukunga. "Arobaini! Mnamfanyia arobaini na bado anapumua?"

Wodi nzima iligeuka. Nilimshika mikono nikacheka huku machozi yananilengalenga. "Sio ya msiba, mama! Ya mzazi! Mzee wako amejifungua!"

Mzee Kiula mwenyewe akaanza kucheka, cheko la mtu asiyecheka siku nyingi. Mama Eliya akafuta macho, na nilipomwambia anieleze, hakukosea hata kimoja. Mzee atakaa ndani, sebuleni, mbali na dirisha. Choo cha nje atakiendea usiku, mchana atatumia ndoo. Akilazimika kutoka, avae kofia pana, miwani nyeusi, glavu na mikono mirefu. Wageni watamfuata yeye. "Na supu ya kuku," akaongeza. Daktari Bingwa aliyaandika maneno yale, na tangu hapo kila mgonjwa wetu aliingia arobaini ya mzazi.

Mzee alisafirishwa jua likishazama. Kumbe ulikuwa msimu wa kuvuna alizeti, na siku ya wingu ilipofika miguu ilimwasha. Alipogusa mlango, alimkuta Mama Eliya kakaa kizingitini na mchi mkononi. Majirani nao wakapita wakiuliza kwa sauti, "Mzazi anaendeleaje?" Hakuna amri ya hospitali inayoweza kulinda mtu namna hiyo.

Arobaini ilipotimia nilikwenda mwenyewe. Hatukumtoa kwa pupa. Nilimvalisha mkono mfuko wa khaki wenye tundu dogo, nikautoa nje juani kwa dakika chache, tukalala tukisubiri. Kama ngozi ya pale tunduni ingevimba au kuwa nyekundu, angerudi ndani wiki nyingine. Asubuhi Mama Eliya alinifikia na taarifa kabla sijanawa uso. Mkono ulikuwa safi. Vigelegele vilivyopigwa, nadhani vilisikika mpaka Kiomboi mjini. Mchana ule Mzee Kiula alikata tonge dogo la ugali, akachovya kwenye mlenda, akameza. Akakata jingine. Nililia, na sioni aibu kuliandika hilo.

Sasa nimestaafu, naishi Utemini, hapa hapa mjini Singida, na wauguzi wanafunzi wanakuja kuniuliza siri ya kazi. Wanategemea niwatajie mashine. Nawaambia dawa kali husafiri hadi nyumbani kwa mgonjwa ndani ya maneno, kwa hiyo yapimeni maneno kama mnavyopima dozi. Katika kitengo chetu, mpaka naondoka, hakuna aliyeungua. Najivunia hilo, na unyenyekevu nawaachia wengine.

Siku ya kuniaga, saa sita mchana, Mzee Kiula aliingia uwanja wa hospitali kichwa wazi, jogoo kwapani, jua likimwagika juu ya upara wake.

"Mzee!" nikamkemea kwa mazoea. "Nani amekuruhusu kutoka?"

"Arobaini ya mzazi nimeimaliza, Sista," akasema, akinikabidhi jogoo. "Ile nyingine nimeiambia isubiri, bado nakula."