Kadi Iliyolalia Yangu

Mwaka huu sisi wa Ujiji tutaukumbuka kwa maharage. Ziwa lilifungwa samaki wazaliane, dagaa wakaadimika, mgebuka tukawa tunamwona kwenye picha za simu tu, na kila nyumba uliyopita ilinukia maharage ya mawese, mchana na jioni. Hayo hayo ndiyo niliyokuwa nakoroga simu ya mjukuu wangu ilipolia chumba cha ndani, alikolala na kichanga chake ambaye hata kitovu kilikuwa hakijadondoka. Ikanyamaza, kisha nikasikia kilio. Nikatupa mwiko, nikakimbilia ndani nikijua mtoto amepatwa na jambo. Mtoto amelala fofofo. Aliyefariki ni mkutubi wetu, yule mwanamke mrefu wa maktaba aliyekuwa akinisalimu kwa Kiha chake cha bara, "mwakeye", kila asubuhi nilipopita na beseni kichwani. Jina lake silitaji. Safu hii haina desturi hiyo, na leo nina sababu nyingine.

Nilisema yanayosemwa, nikamshika mjukuu mabega. Lakini wasomaji wangu mmenizoea, siwafichi: sikuwa namfikiria marehemu. Nilikuwa nasikiliza kilio. Kilikuwa kilio cha tumboni, cha mtu aliyefiwa na bibi yake, na bibi yake nilikuwa nimesimama pale pale, masizi mkononi. Nikajiuliza, na mimi siku yangu nitaliliwa hivi, au kilio kizuri ndicho hicho kimeshatumika?

Mjukuu huyo nimemlea mimi tangu mama yake alipokwenda kuolewa mara ya pili Ilagala. Ameota meno kwangu, amesomeshwa na dagaa wangu. Alipopata kazi maktaba nikaanza kumpoteza kidogo kidogo. Kwanza akaanza kunywa chai bila sukari. Kwetu nani anakunywa chai bila sukari? Mkutubi alikuwa anakunywa. Kisha akawa anafunga kilemba kwa nyuma kama yule. Siku moja nikamsikia kwenye simu anaita "bibi". Nikamuuliza, "Bibi yupi huyo?" Akasema, "Bibi wa kazini." Nikamwambia sikujua kama mabibi nao siku hizi wana zamu.

Lakini marehemu tumpe haki yake, kazi alikuwa anaiweza. Zamani kila kitabu kilikuwa na kadi ya karatasi kwenye droo: kinaitwaje, kimeandikwa na nani, kinahusu nini, kinakaa rafu gani. Ilipokuja kompyuta, kadi zote zikatakiwa ziingie humo. Kumbe huandiki kila kitu upya. Maktaba kubwa za mbali zimeshaandika kadi za vitabu hivyo hivyo. Wewe unakitafuta kitabu chako kwao, ukikiona unaivuta kadi yao, inaingia kwenye mfumo wako ikiwa imekamilika, imechanwa nywele na kupakwa mafuta. Yeye alizivuta moja moja. Anashika kitabu mkononi, anasoma kwenye kioo cha kompyuta, anarudi kwenye kitabu, anaangalia kurasa, anaangalia mwaka, ndipo anavuta. Nikamwambia, "Unachambua kama dagaa wenye mchanga." Akacheka. "Dada, vitabu vinafanana majina kama watu. Ukivuta kwa jina tu, utaleta nyumbani mtoto wa mwenzio."

Sasa sikilizeni yaliyonipata. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa injini za meli bandarini Kigoma. Aliniachia kitabu kinene cha injini ambacho mimi sikuweza kukisoma na watoto hawakukitaka. Nikakipeleka maktaba. Mkutubi akakiandikia kadi yeye mwenyewe, neno kwa neno, na chini kabisa akaweka "Zawadi ya", halafu jina langu lote mpaka la babu. Akanigeuzia kioo nikaona. Mimi niliishia darasa la nne, la tano nimelisomea sokoni. Jina langu lilikuwa halijawahi kukaa mahali zaidi ya kadi ya kliniki na ya kura. Nikaenda sokoni nikalisema. Nililisema sana. Wenzangu wakachoka, wakasema basi twende tukalione.

Tulikwenda kundi zima, tumevaa vitenge vya kutokea. Mkutubi akakitafuta kitabu, akakipata, akatugeuzia kioo. Kila kitu kilikuwepo, tena kizuri kuliko mwanzo, hata urefu wa kitabu kwa sentimita. Jina langu halikuwepo. Muuza migebuka mmoja mwenye mdomo kama wembe akasema, "Labda ulikitoa ndotoni, mama." Wakacheka hadi wakashikana. Mkutubi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Kumbe juma lile alikipatia kitabu changu kadi bora kutoka maktaba ya mbali, na alipoivuta mfumo ukamuuliza: ichukue nafasi ya iliyopo, au ikae kando yake? Akabonyeza ichukue nafasi. Kadi ngeni ikalalia ya kwetu, na huko ilikotoka nani angejua kwamba kuna mjane wa Ujiji alitoa kitu?

"Dada, nisamehe," akasema. "Ila hii kadi ni bora, na kitabu kipo, watu watakisoma. Hilo la zawadi ni dogo." Nikamjibu mbele ya wote: "Mimi sifutwi nikiwa hai." Aliliandika upya papo hapo, tumesimama, na lipo mpaka leo. Tangu siku hiyo, nasikia, kila alipomfundisha mjukuu wangu kuvuta kadi alianza na habari yangu: kabla hujabonyeza, tazama kilichokuwepo. Mnaona? Hata somo lililotokana na aibu yangu likawa sifa yake.

Nimeliwaza sana somo hilo msibani, nikisugua masufuria ya watu. Siku hizi karibu kila kitu tunakivuta kikiwa tayari. Nyimbo za harusi zinakuja na simu, wazee wa ngoma wamekaa nyumbani wanaangalia mikono yao. Uji wa mtoto unakuja kwenye pakiti. Majina ya watoto yanatoka kwenye tamthilia, mtaa mmoja una watoto watatu wa mwigizaji mmoja. Sisemi ni vibaya. Kadi ile ya mbali ilikuwa bora kuliko ya kwetu, hata mimi niliona. Ila cha mbali hakijui hapa nani alitoa nini, na kikishalala juu, walio chini hawana wa kuwaulizia. Mwanamke yule alilielewa hilo kwa kosa moja. Sisi tunakosea kila siku na hatujashtuka.

Sasa nifike panaponiuma. Tangu yuko shule ya msingi mjukuu aliniahidi: bibi, msichana wangu wa kwanza nitampa jina lako. Msichana kaja. Mkutubi hajamaliza hata siku mbili kaburini, mjukuu ananiambia anataka mtoto aitwe jina la marehemu. "Bibi, yeye hakuzaa. Hakuacha mtu wa kuitwa. Wewe una sisi wote." Lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Nilikwenda kumwangalia mtoto nikakuta ana paji la uso langu, nikarudi jikoni.

Siku ya saba tukamnyoa mtoto. Shehe akauliza jina. Mjukuu akanitazama kwanza, kisha akataja langu. Nilipumua, jamani, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mbuzi akaliwa, maharage yakapumzika. Watu walipoanza kunawa akanisogelea na kikombe chake cha chai isiyo na sukari. "Bibi, mfumo si unauliza, ichukue nafasi au ikae kando? Mimi sijakuondoa. La marehemu liwe la nyumbani tu, la kumwitia humu ndani."

Nilitafuna polepole ili nipate nafasi ya kufikiri. Wasomaji wangu, somo ni zuri, na nawapa kama alivyotuachia mwenyewe: kikija kipya, tazama kwanza kilichokuwepo, na panapokaa viwili, weka viwili. Lifuateni. Lakini jina la nyumbani nalijua mimi niliyelea. Ndilo linaloitwa asubuhi mtoto anapoamshwa, ndilo linaloitwa uani jioni, ndilo atakaloitika akiwa na usingizi, mpaka lile la cheti linabaki kabatini na hakuna anayelikumbuka. Nikaweka mfupa kwenye sahani, nikamjibu kama nilivyomjibu bibi yake wa kazini:

"Mimi sifutwi nikiwa hai."