Redio Zinazosubiri Salamu Ziishe

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri, kifuniko cha kopo la maziwa ya unga kinakwaruza gizani. Hakuna anayepika chai. Ni Sadiya Jirma anayepapasa skrubu ndani ya kopo, polepole, asimwamshe bintiye Habibo aliyelala hatua mbili tu kutoka mezani.

Anawasha laptopu. Mwanga wake unaangukia redio kumi na mbili za mawasiliano, zile ambazo walinzi huziita redio koli. Kufikia adhuhuri lazima ziwe zimefika mji mdogo wa Kinna, mbele ya kikundi cha wafugaji kilichomrudishia zote mwezi uliopita, ndani ya gunia.

"Wakizikataa leo, Kinna kwangu imefungwa," anasema mama huyo wa miaka 29, mkazi wa mtaa wa Wabera. "Na vikundi vingine vitasikia kabla sijafika nyumbani."

Kwa miaka minne Sadiya alikuwa mlinzi wa lango, mshahara Sh11,000 kwa mwezi. Jioni alisomea ukarabati wa simu. Mwajiri wake aliponunua redio mpya na kuuza zile kuukuu kwa bei ya takataka, alinunua tano kwa Sh900 kila moja, akazifungua ajue zinavyofanya kazi.

Sasa huzifuata hata Nanyuki. Hufuta masafa ya mmiliki wa kwanza, huondoa programu ya ndani zilizotoka nayo kiwandani, kisha huweka nyingine iliyorekebishwa, inayomruhusu kubadilisha mambo ambayo kiwanda kilifunga. Moja huiuza Sh2,500. Mteja asiye na kibali cha masafa hauziwi. Wapo wanaomwomba awafungulie mawasiliano ya polisi wasikilize. Hao huonyeshwa mlango.

Mumewe, Kahin, dereva wa lori la mifugo, hutania kwamba nyumba yao ina redio nyingi kuliko sahani.

Redio za Kinna zilikuwa na kasoro ambayo Sadiya hakuiona akiwa mezani. Zilikuwa zimewekwa kumkata mtu akizungumza dakika moja mfululizo. Mlinzi wa lango hahitaji zaidi ya hapo. Mfugaji wa Kiborana ndio kwanza anaanza: salaam aleikum, nagaa, yaani amani, kisha hali ya nyumba, ya watoto, ya ngamia, ya malisho, ya mvua. Habari yenyewe huja mwisho.

Siku moja kijana mchungaji, Wato, aliona maji yakishuka lagani, mto ambao mwaka mzima huwa mchanga mtupu. Akamwita mjomba wake, Mzee Waqo, mwenyekiti wa kikundi. Alikuwa amefika kwenye ngamia redio ilipomkata. Mjomba naye akajibu salamu zote, akakatwa vilevile. Mbuzi saba walisombwa.

Fundi mmoja wa mjini alimshauri Sadiya awafundishe wafugaji kufupisha salamu. Alipojaribu, Mzee Waqo alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mama Habibo, anayeanza na habari kabla ya salamu ni mwizi," alimwambia. "Mwizi hajui majina ya ngamia wangu. Wato anajua. Nitamtambuaje?"

Sadiya akabeba gunia lake. Kwa wiki tatu, kabla ya adhana, amekuwa akizifungua moja baada ya nyingine. Muda wa kuzungumza sasa ni dakika nne. Betri ni kubwa zaidi, maana redio inayosema sana humaliza chaji upesi. Na kitufe cha pembeni, kilichokuwa cha tochi, kikibonyezwa hupiga king'ora kwenye redio zote kwa pamoja.

"Hicho hakina salamu," anasema akicheka, "kwa sababu si mtu anayesema."

Kicheko kinaisha. "Redio ndiyo ijifunze kwao. Mimi sirudi na gunia tena."

Adhuhuri yuko Kinna pamoja na Habibo, maana shule zimefungwa. Wakati wazee wakikusanyika nje ya duka, anaeleza anachotaka: kibanda kidogo hapa sokoni, na wasichana watatu wa Kinna awafundishe kazi hii mpaka wasimhitaji.

Wato yuko nyuma ya kilima na mifugo, akiwa na redio moja ya kujaribia. Anaanza kwa kubonyeza kitufe cha king'ora. Mzee mmoja anamwaga chai, wenzake wanamcheka.

Kisha sauti ya Wato inatoka, na salamu zake. Dakika ya kwanza inapita. Mzee Waqo hapepesi macho. Kijana bado yuko kwenye ngamia, anawataja mmoja baada ya mwingine. Sadiya ameshika ncha ya mtandio wake. Malisho. Mvua. Halafu, bila haraka, Wato anasema pampu ya kisima cha juu imeharibika, watu wasipeleke ng'ombe huko.

Mzee Waqo hairudishi redio mezani. Anaifunga kiunoni, kwenye mkanda wake, na kumtuma mtu aende kuwarudisha ng'ombe walioshika njia.

Habibo, aliyeegemea goti la mamake muda wote huo, anainua kichwa.

"Mama, Wato amemaliza kusema."