Sahani Iliyokuwa Safi Mno

Kazini walimwita Mama Povu, na hakuchukia. Alikuwa amefanya kazi ya ufundi wa maabara kwa miaka kumi na saba, na minne ya mwisho kazi yake ilikuwa kufunga dawa ya bakteria ndani ya vipovu vya mafuta visivyoonekana kwa macho. Wenye elimu yao huviita liposomu. Aliyazungusha mafuta kwenye chupa ya mviringo mpaka yakaacha utando mwembamba, akatia maji yenye dawa, na utando ukajikunja wenyewe ukawa vipovu, dawa ikiwa imenaswa tumboni mwake.

Taabu yote hiyo ya nini? Wako bakteria ambao wakimezwa na seli nyeupe, askari wa mwili, hawafi. Hujilalia humo humo wakazaana. Dawa ya kawaida huishia nje. Lakini askari hao ni walafi kuliko wajomba harusini. Kipovu cha mafuta nacho watakimeza, na dawa itaingia nacho.

Mama Povu alizichukia seli zile zilizobeba bakteria. Chini ya hadubini zilionekana nzima, zimenawiri, na siku ya tatu zikapasuka. Nyumbani alikuwa na mdogo wake, mchinjaji aliyepata ugonjwa wa namna hiyo machinjioni. Kila mara homa ilimwacha wiki tatu, akachangamka, akala, kisha ikamrudia. Alipocheka mezani, dada mtu alijikuta anamkodolea macho kama yuko kazini.

Bakteria wa kwenye majaribio walitoka katika damu ya huyo mdogo wake. Daktari alikuwa amesema wazi: vipovu vikiwaua ndani ya seli, mgonjwa ataanza kupewa dawa hiyo. Visipowaua, atabaki na vidonge vyake visivyosaidia.

Seli zilizopewa dawa hupasuliwa, yaliyomo yakapandwa kwenye sahani, na kila bakteria aliye hai huota doa. Jumatatu moja sahani ya vipovu ikatoka safi, haina doa la bakteria hata moja. Mama Povu, mtu asiyeropoka, akapiga simu nyumbani kabla hajavua glavu.

"Wamekwisha, mdogo wangu. Dawa inawafikia."

Wiki hiyo ndiyo homa ilikuwa irudi. Haikurudi, ingawa dawa yenyewe alikuwa bado hajapewa. Siku tisa zikapita, mchinjaji akaanza kunoa visu vyake.

Siku ya kumi, akiandika ripoti, Mama Povu akaitoa sahani ya kulinganishia, ile ya dawa isiyo na vipovu, ambayo kwa furaha yake hakuwa ameitazama. Ilipaswa kujaa madoa. Nayo ilikuwa safi.

Akalifunua daftari la maabara. Kabla ya kuzipasua seli, dawa iliyobaki nje huoshwa mara tatu, na kila mara hutiwa alama daftarini. Siku ile alama ilikuwa moja. Dawa iliyobaki nje ndiyo iliyowaua, tena baada ya kutolewa mafichoni. Kilichotokea ndani ya seli hakuna aliyekijua.

Wazo likamjia anyamaze. Neno lake ndilo lililomsimamisha mdogo wake, akilifuta, je? Aliogopa, akaona haya kwamba anaogopa. Akaenda kwa daktari.

"Rudia, Mama," daktari alisema. "Mgonjwa angoje." Hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi.

Adhuhuri akafika nyumbani, akamkuta mdogo wake sebuleni na jiwe lake la kunolea.

"Ile habari niliyokupa haikuwa sahihi. Nilikosea kuosha. Hatujui kama dawa inawafikia."

"Lakini mimi si nimeshapona, dada?"

"Sijui."

Mdogo wake akakiweka kisu chini taratibu. Akatazama mikono yake, akaivuta ndani ya mikono ya shati.

"Dada, hebu funga dirisha. Baridi inaingia."

Dirisha lilikuwa limefungwa tangu asubuhi, na juu yao mabati yalikuwa yakialika kwa jua. Mama Povu alileta blanketi, akamfunika mpaka shingoni, akasikia meno yanaanza kugongana. Kisha akavaa viatu vyake arudi maabara, akaoshe mara tatu.