Mkono wa Générose

Emelyne hukausha dagaa Ikola, kando ya ziwa, na kuwaleta Mpanda mjini kuuza. Familia yake ilitoka Burundi, na mama yake, Générose, amekataa kamera tangu niwafahamu. Husema sura yake ilipigwa picha vya kutosha enzi za ukimbizi, kila mara kwa amri ya mtu. Sasa mama huyo anaishiwa nguvu, sahani yake hurudi jikoni ilivyo, na Emelyne hana picha hata moja ya kubaki nayo.

Akaja kwangu, maana mafundi wengine wa picha wamekufa au wamehama. Studio yangu imegeuzwa duka la makava ya simu. Watu siku hizi wanajipiga picha kutwa nzima, na simu ikidumbukia chooni hawana hata sura ya marehemu baba yao. Chumba cha giza cha nyuma ndicho pekee nilichokataa kukipangisha.

Nilimweleza kwamba ipo picha isiyotaka kamera wala uso. Unalaza kitu, hata mkono, juu ya karatasi ya picha, unawasha taa kidogo, na palipofunikwa hubaki peupe. Nilikuwa nimebakiwa na karatasi mbili, na hazitengenezwi tena huku kwetu.

Emelyne akamleta mama yake, nikamweleza naye. Générose alifikiri, kisha akakubali. "Mkono hauna jina," alisema.

Emelyne alitaka afanye mwenyewe. Chini ya taa nyekundu aliulaza mkono wa mama yake, akanyoosha kidole kimoja kimoja. Akawasha taa nyeupe, akazima, akaitumbukiza karatasi kwenye dawa ya kuisafisha. Mkono ukaanza kutokea, mweupe katikati ya weusi. Nilikuwa nimegeuka kumimina dawa ya pili, ile inayoizuia picha isiharibiwe na mwanga, nikasikia mlango. Kwa mtu wa Ikola, kitu kikitoka majini kinaanikwa; mikono yake haikungoja kuambiwa. Nilimkuta uani ameitandaza karatasi juani, na vidole vya mama yake vinamezwa na giza huku anatazama.

Aliingia ndani kichwa chini.

"Umenianika kama dagaa," Générose alimwambia, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamshika mkono. "Lete na wako hapa. Safari hii huendi popote."

Nikatoa karatasi ya mwisho kwenye mfuko wake mweusi. Wakalaza mikono yao pamoja, wa mama juu ya wa mtoto, na Emelyne akabonyeza taa kwa mkono wa kushoto. Picha ilipotokea, niliona vidole vya Générose vilikuwa vimetetemeka taa ikiwaka. Kingo zake zilikuwa kama moshi. Nikasema, kwa ukali wa kifundi, kwamba imeharibika.

"Ndivyo mkono wake unavyotetemeka, mzee," Emelyne alinijibu.

Akaihamishia kwenye dawa ya pili, akasimama hapo ameishika pembeni, mpaka nilipomwambia inatosha.